Gari la Akiba

"Shangazi anataka kifaa chake kabla lori halijaondoka," sauti ilisema sikioni.

Kinyonga alijifanya anajikuna. "Nimejua kilipo. Kwenye tangi la gari la akiba. Linapaswa kumeza lita tisini. Leo nimemimina kumi na tano tu, likafurika."

"Kichukue."

"Gereji imejaa walinzi wenye bunduki. Wekeni vijana wawili kona ya mbali ya uwanja. Gari litawafuata lenyewe."

"Sawa."

Jasusi huyu, aliyetumwa na mkuu wa usalama waliyemwita Shangazi, alikuwa amevaa ovaroli ya fundi kwa miezi mitano katika timu ya mbio za magari ya ndugu wawili. Walianza na Porsche moja kuukuu nyuma ya nyumba ya mama yao. Bosi, kaka mtu, alihangaika na vipuri; Mshale, mdogo mtu, aliendesha. Mshale akashinda, akashinda tena. Ghafla timu ikawa na malori, magari mapya na safari za nje kila mwezi. Mshale alidhani ni wafadhili. Kumbe kaka yake alikuwa anawavushia wageni vifaa vilivyoibwa jeshini, na gari la akiba, lisiloshindana hata siku moja, ndilo lililovibeba.

Kifaa cha leo kilikuwa cha kuongoza makombora. Kikivuka mpaka, makombora ya nchi yangeweza kugeuzwa yaipige nchi yenyewe.

Nje, jukwaa liliimba jina la Mshale. Alikuwa ametoka kuvunja rekodi ya uwanja mazoezini. Mama yao alikaa mstari wa mbele, fulana yake ina picha ya mwanawe mmoja tu. Bosi aliitazama ile fulana, akageuza uso.

Kinyonga aliuelewa wivu ule, maana alikuwa nao. Tangu utotoni alitamani kuendesha magari ya mashindano. Akaishia kwenye kazi isiyopigiwa makofi. Kila Mshale alipopunga mkono, Kinyonga aliangalia pembeni kwa kinyongo.

"Bosi," alisema taratibu, "mafundi wanakucheka. Wanasema ungekuwa dereva wewe, tungekusubiri mpaka chai ipoe."

"Nani kasema?"

"Achana nao, bosi. Kila mtu na kipaji chake."

Bosi alinyakua kofia ngumu, akaliendea gari la akiba, lililokuwa peke yake gerejini.

"Hilo limeshaandaliwa kwa safari, bosi," mlinzi alisema.

"Gari la nani?"

"Lako, bosi."

"Basi nipishe. Nazunguka mara mbili tu."

Kinyonga alichukua ubao wa ishara na saa yake ya Casio. Kazi yake katika timu ilikuwa hiyo: kumpimia dereva muda na kumwandikia ubaoni akipita.

Mzunguko wa kwanza, Bosi alikuwa nyuma ya rekodi ya mdogo wake.

Wa pili, Kinyonga aliitazama saa mara mbili. Bosi alikuwa amempita.

Akaandika ubaoni: BADO NUSU SEKUNDE.

Bosi alijua mafuta yale machache hayatoshi mzunguko wa tatu. Lakini arudi vipi, kabakiza nusu sekunde, mama anatazama? Akaupita mlango wa gereji kwa kasi.

Kona ya mbali, injini ikakohoa.

Ikazima.

Waongozaji wawili wa uwanja wenye vizibao vya rangi ya chungwa walilikimbilia gari. Hawakuwa waongozaji; walikuwa wale vijana wa Shangazi. Bastola mbili aina ya Glock zilichungulia dirishani kabla walinzi hawajavuka hata uzio.

"Shangazi, mzigo tunao."

Jioni hiyo malori yalifungwa minyororo na jina la timu likabanduliwa ukutani. Mshale alikaa juu ya tairi, analia waziwazi. Mama yao alimpita bila kumwona, akalikimbilia gari la polisi akiita, "Mwanangu! Mwanangu!"

Bosi, mwenye pingu, hakugeuka. Macho yake yalimtafuta Kinyonga.

"Fundi! Niambie basi. Nilimpita?"

Kinyonga aliitazama Casio. Muda ulikuwa bado upo pale. Mtu mwingine angempa angalau hilo.

Akabonyeza kitufe. Sifuri zikajipanga.

"Ulibakiza kidogo tu, bosi."

Akavua ovaroli, akaitupa pipani, akaondoka mikono mfukoni.