Namba Sita za Rebeccah

Rebeccah huchuma chai asubuhi na kusoma jioni. Anasomea ualimu wa chekechea kwa mtandao, na mtihani ulikuwa Ijumaa saa nne. Simu yake ya zamani ilikuwa imekunywa umande wa majani ya chai hadi nusu ya kioo ikawa haisikii kidole. Basi alinunua mpya, akahamisha laini, akadhani kazi imekwisha.

Ile ya zamani alikuwa amemwahidi mama mkwe wake, ambaye watoto humwita Kogo, yaani nyanya. Kogo alikuwa ameketi mlangoni tangu alfajiri, laini yake mpya ameifunga kwenye leso. Katika boma lile mzee hapewi kitu kichafu. Rebeccah aliipangusa simu vizuri, kisha akafungua mahali pa kufuta vyote vilivyomo ndani.

Mara akaingia Tabby, jirani mwenye duka la simu katika soko la Mogogosiek. Alikuja kuchukua maziwa.

"Mama Kiplimo," alimwambia Rebeccah, "umeshaingia kwa ile kozi na simu mpya?"

"Nimejaribu. Inaitisha namba sita. Nangoja meseji, haiji. Ni netiwaki tu."

"Hizo namba huwa unazitoa wapi?"

"Kwa hii app ya namba za kuingilia. Lakini laini si nimeshahamisha?"

"Wee, toa kidole hapo! Namba haziko kwa laini. Ziko ndani ya app, kwa hiyo simu ya zamani. Ukifuta, huo mtihani utausikia kwa wenzako."

Miezi minane ya kusoma na mgongo unauma! Rebeccah aliiweka simu mezani polepole kama yai.

Tabby alimwelekeza. Kwanza waliweka app ileile kwenye simu mpya. Kisha, kwenye ya zamani, wakatafuta palipoandikwa kuhamisha akaunti. Kumbe kitufe kilikuwa upande uliokufa! Walibonyeza na kubonyeza, wapi.

"Kwani hiyo simu hailali?" Kogo aliuliza kutoka mlangoni.

Wakailaza ubavu, na maandishi yakageuka nayo. Kitufe kikasogea upande mzima, wakakibonyeza, na picha ya miraba midogo ikatokea. Simu mpya iliisoma kwa kamera yake, na zile namba sita zikaonekana.

"Sasa nifute?"

"Bado. Ingia kwa kozi kwanza tuone."

Rebeccah aliingia. Tabby akamwonyesha namba za akiba, za kutumia simu ikipotea. Rebeccah akaziandika kwenye karatasi na kuifungia sandukuni pamoja na vyeti.

"Na mtu akipiga simu akuombe hizo namba, hata akisema ni mwalimu, usimpe. Kata."

Hapo ndipo walipoifuta simu ya zamani. Kogo aliipokea kwa mikono miwili.

Ijumaa, saa nne kasoro dakika kumi, simu ya Rebeccah ililia. Alikuwa Kogo, akipiga kutoka jikoni kwake, hatua ishirini tu.

"Umeingia?"

"Nimeingia, Mama."

"Haya, nakata. Wewe andika."