Pumzi Ndani ya Chombo

"Sema ukweli, uligusa kifuniko cha chombo?"

"Nilikigusa."

"Kwa hiyo ni wewe!"

Fundi wa vioo aliendelea kufuta lenzi. Mhandisi aliyemhoji, mchumba wake, alikuwa hoi kama yeye. Miaka sita mwanamke huyo alikuwa akiunda chombo cha infraredi, mwanga usioonekana kwa macho, cha kusoma hewa na udongo wa sayari ya mbali, na harusi yao ilishaahirishwa mara tatu kwa sababu ya chombo hicho. Sasa kila mchana chombo kilionyesha hewa ya ukaa ndani yake, wakati ilikuwa imeshaondolewa yote.

"Mkuu wa mradi anakufukuza leo saa kumi. Na mimi sikutetei."

"Sawa, Mama Sayari. Nimechoka kubishana."

Fundi akavua pete ya uchumba, akaiweka mezani, akaenda kufungasha vifaa vyake.

Mhandisi akaikodolea macho grafu, amalize ripoti yake yaishe. Mstari wa ukaa haukupanda ovyo. Ulipanda na kushuka polepole, kila sekunde nne, kwa dakika arobaini, kisha ukakatika ghafla.

Mtu alikuwa akipumua pale. Mtu aliyelala fofofo.

Akajikumbuka kila mchana: kichwa mezani, kando ya kifuniko alichokiacha wazi, eti anajipumzisha dakika mbili. Akizinduka, koti la fundi liko mabegani na kifuniko kimefungwa. Siku zote alidhani amekifunga mwenyewe. Aibu ilimshika hadi machozi yakamtoka.

Akampigia fundi simu.

"Kwa nini hukusema ni mimi?"

"Mkuu alisema anayelala kazini anatolewa kwenye mradi. Hicho chombo ndiyo maisha yako."

"Na wewe je?"

"Mimi nitasugua vioo popote."

"Acha ujinga. Rudi hapa sasa hivi!"

Saa kumi wote wawili walisimama mbele ya mkuu.

"Pumzi ni yangu," mhandisi alisema. "Nilisinzia. Kama ni kufukuza, nifukuze mimi."

Mkuu alitazama grafu za kila mchana, akapiga mwayo.

"Siku kumi na moja mfululizo?"

"Ndiyo."

"Basi chombo ni kizima, na hafukuzwi mtu. Nenda kalale kwako. Nisikuone hapa wiki nzima. Fundi, mpeleke, asije akasinzia njiani."

Kwenye ngazi fundi aliuliza, "Pete yangu iko wapi?"

"Ninayo. Nitakuvisha Jumamosi, mbele ya shangazi zetu. Hatuahirishi tena."

"Na ukisinzia harusini?"

"Utanifunika koti."