Mita Aliyoambiwa Aitupe

Kahiga, fundi wa umeme wa magari pale Emali, si mtu wa pombe wala porojo. Nasema tu vile aliniambia.

Mwaka wa themanini na nane, shemeji yake Karanja alimletea gari lake la spoti, kuukuu lakini lenye mbio. Alitaka mita za mwendo za kisasa, zile za nambari zinazowaka. Kahiga akakata waya, akaitoa mita ya zamani pamoja na taa zake za indiketa, akafunga mpya, na ile ya zamani akaiweka kwenye benchi.

"Hiyo takataka tupa, shemeji," Karanja alisema, akaondoka kuelekea Mombasa.

Giza lilipoingia jioni hiyo, stima zikapotea, taa za gereji zikazima. Kahiga akasikia kitu kikikwaruza kwenye benchi. Akawasha kiberiti. Mshale wa ile mita ulikuwa unapanda: themanini, mia, mia na arobaini. Akaiinua. Waya zilining'inia tu, hazikugusa kitu.

"Karanja, punguza!" akajipata akipiga kelele peke yake.

Mshale ukaanguka sifuri kwa mpigo. Kiberiti kikazima. Halafu, mikononi mwake, taa ya kijani ya indiketa ikaanza kuwaka na kuzima, tik, tik, tik, kama ya gari lililosimama kando ya barabara.