Kivuli Katika Runinga ya Baba

Mtaani walimwita binti yule Bisibisi, na hakuna fundi aliyemshinda kwa runinga za plazma zilizoungua kioo. Mpenda mpira alimletea runinga yenye ubao wa magoli umejichora kwenye kona. Mpenda habari alileta yenye mstari mweusi chini. Picha ikiganda mahali pamoja muda mrefu, kioo huungua na kubaki na kivuli chake. Hakuna muujiza hapo.

Ndiyo maana kivuli cha runinga ya baba yake kilimkosesha raha. Kilikuwa katikati ya kioo, kichwa na mabega na mikono iliyolala mapajani, kama mtu aliyeketi akitazama huku nje. Na mzee wake, fundi cherehani aliyestaafu, hakuwa na anachotazama zaidi ya ndondi.

"Baba, nani aligandisha picha ya mtu humu?"

"Hakuna." Mzee akatabasamu peke yake. "Iache tu, mwanangu. Hainisumbui."

Bisibisi akacheka, akamwambia runinga ya fundi haiwezi kuwa na doa, watu watasema nini. Akachomeka flashi yenye picha nyeupe tupu, maana weupe ndio dawa: unakitumikisha kioo kizima mpaka sehemu zote zichakae sawa, na kivuli hufifia. Akapunguza mwanga, akamwagiza mzee asibadilishe kitu, akaenda zake kazini.

Aliporudi kesho yake mchana, weupe ulikuwa unawaka vilevile na kioo kinavuma taratibu. Kivuli hakikufifia. Kilikuwa kimepata kitambaa cha kichwani, kimefungwa fundo juu ya sikio la kushoto.

Hakuna mwanamke aliyefunga kitambaa namna ile ila marehemu mama yake.

Sebule ilinuka mafuta ya nazi. Tangu msiba, mwaka wa pili sasa, hakuna aliyepaka mafuta ya nywele katika nyumba ile.

"Baba," akauliza, akijaribu kutuliza sauti, "mama alikuwa anafungaje kitambaa chake?"

Mzee akamtazama. Akatazama mikono yake mwenyewe, mikono iliyopinda pindo za vitambaa vyote vya mkewe, kimoja baada ya kingine, maisha yao yote.

"Alikuwa anafunga kitambaa?" akauliza.

Siku hiyo Bisibisi hakurudi kazini. Aliaga kwa sauti, akafungua mlango wa mbele na kuufunga akiwa bado yumo ndani, akajibanza kwenye korido amevua viatu. Haikupita muda akamsikia mtu akiongea sebuleni, naye hakuwa baba yake.

"Na siku ile ya mvua," sauti ilisema, laini, yenye kikwaruzo kidogo mwishoni, sauti aliyoizika kwa mikono yake, "siku uliyonifuata kwa mjomba, nilivaa nini?"

"Gauni la kijani," mzee akajibu kwa furaha ya kijana, "lenye vifungo vyeupe, na kimoja kilikuwa kimekatika, ukakishika kwa vidole njia nzima."

Bisibisi akachungulia, na pale kwenye weupe wa kioo akaona ukijani ukipanda polepole kutoka magotini mwa kile kivuli kama maji yanavyopanda kwenye nguo iliyoachwa beseni, ukafika kiunoni, ukafika kifuani, vifungo vikajitokeza kimoja kimoja na pengo la kile kilichokatika, na vidole vikanyanyuka kutoka mapajani vikaenda kulishika lile pengo, huku baba yake akizidi kuinama mbele, mdomo wazi, macho yakipoteza nuru kwa kila rangi iliyoingia kule, mpaka kile kitu kikamwacha mzee na kugeuza kichwa kuelekea koridoni.

"Ingia, mwanangu. Mbona unasimama kwenye giza?"

Neno "abee" lilimfika ulimini. Akaling'ata pamoja na ulimi wenyewe. Akaruka, akachomoa waya ukutani. Kioo kikaendelea kuwaka.

Shangazi yake, dada wa mzee, ndiye watu waliyemwita majini yakiwasumbua. Alifika jua likiwa bado kali. Hakusalimia mtu. Alinusa mlangoni, akamshika Bisibisi mkono.

"Umemwitikia?" akanong'ona.

"Hapana, shangazi."

"Vizuri. Usimwitikie, hata akulilie."

Akaketi mbele ya kioo, akasoma dua chini kwa chini, akapaka maji kwenye fremu, kisha akasema, "Wewe si wifi yangu. Unamwibia kaka yangu."

"Sikumwibia," kile kitu kikajibu bila hasira. "Amenipa. Alipotaka kusimulia habari za mkewe, ninyi mlimwambia anyamaze. Mlisema, mzee, yaliyopita yamepita, usijiumize. Mimi ndiye niliyemuuliza."

Bisibisi akainamisha uso. Maneno yale aliyasema yeye, pale pale kwenye kochi, akidhani anamliwaza.

"Mrudishie," shangazi akasema.

"Nilichokula nimekula."

"Basi toka. Kabla hujammaliza."

Shangazi akapandisha sauti. Mzee akapiga magoti, akaweka viganja vyote viwili kwenye kioo cha moto, akaanza kuliita jina la mkewe, akiomba wasimzike mara ya pili. Bisibisi akamkumbatia kwa nyuma. Alihisi mbavu za baba yake zikitetemeka kila alipoita. Jina likawa linatoka na kupungua, herufi baada ya herufi, mpaka ukabaki mlio tu, na mlio nao ukakatika.

Kioo kikazima. Harufu ya mafuta ikapita dirishani kama mtu anayeondoka bila kuaga.

Bisibisi aliichomeka runinga ile tena, akaikagua kwa weupe, kwa wekundu, kwa chenga. Kioo kilikuwa safi kama kimetoka dukani leo. Hajawahi kufanya kazi safi namna hiyo, na hajawahi kuichukia kazi kama siku ile.

Mzee alipona. Alinenepa, akarudi kwenye ndondi zake, akawa anabishana na majirani kuhusu nani alimpiga nani. Binti yake alimkumbuka vizuri, na dada yake, na wateja wake wa zamani. Ila picha ya harusi iliyokuwa ukutani aliizunguka kama mgeni anayeogopa kuuliza.

Jioni moja Bisibisi aliishusha, akaketi karibu naye kwenye kochi, akaanza kumsimulia. Kitambaa chenye fundo kushoto. Mvua. Gauni la kijani. Safari hii alisimulia yote, hata ugonjwa, hata asubuhi ile ya mwisho, na hapo sauti ikamkatika.

Mzee alikuwa amesikiliza kwa heshima yote, mikono mapajani. Alipoona machozi ya binti yake, akatoa leso mfukoni, akampa.

"Pole sana, mwanangu," akasema kwa upole. "Inaonekana ulimpenda sana mama yako. Na mumewe, maskini, yeye alivumiliaje?"