Kibali Chenye Jina la Babu

Rehemah alikuwa akimenya karanga mlangoni, nyumbani kwao Manibe, nje ya Arua. Mumewe Tahiru aliketi karibu naye, akipangusa bunduki ya babu yake. Babu alikuwa amefariki mwezi uliopita.

"Kesho napeleka hii shamba yetu ya kule Ajia," Tahiru alisema. "Nyani wanamaliza mahindi."

"Na polisi wakikukuta njiani?"

"Nitaonyesha kibali. Iko na jina yangu."

Hakudanganya. Babu aliitwa Tahiru Muzamili. Mjukuu alipozaliwa, alipewa jina hilo hilo, kama Wanubi wengi wafanyavyo.

Jirani yao Natale alikuja kuazima pampu ya baiskeli. Yeye pia alikuwa na bunduki, kwa kibali. Alichukua karatasi ya kibali cha babu, akaisoma polepole.

"Hapa wameandika umezaliwa mwaka arobaini na sita. Mzee, meno bado iko yote?"

Rehemah alicheka. Tahiru hakucheka.

"Jina iko moja, Natale."

"Jina iko moja, mutu iko mbili. Kibali ni ya mutu moja tu. Akikufa, imeisha. Hapana kurithi kama ng'ombe."

"Zamani watu walikuwa wanapeana."

"Siku hizi polisi wanapima bunduki, wanaweka alama ya risasi yake kwa kompyuta, pamoja na jina ya mwenyewe. Hata mimi nilipeleka yangu. Wakikukuta na hii, unaingia jela."

Rehemah aliacha kumenya. "Basi aipeleke polisi sasa hivi!"

"Hapana kubeba njiani, dada. Tunapiga simu, wao wanakuja kuchukua."

Tahiru aliiweka bunduki magotini. "Kitu ya babu iliyobaki ni hii tu."

"Najua, ndugu yangu. Unaweza kuomba kibali yako mwenyewe. Watakuuliza mengi. Pengine watakataa. Lakini utakuwa nyumbani na bibi yako Rehemah."

Tahiru aliegemeza bunduki ukutani. Kisha akatoa simu.

Polisi walikuja alasiri. Walihesabu risasi, wakachukua bunduki, wakamwachia Tahiru karatasi ya kuonyesha wameipokea.

Tangu siku hiyo, mume na mke walilinda shamba kwa kugonga debe tupu ili kuwatisha nyani. Nyani walikula kiasi. Mahindi mengi yalibaki.

Siku ya mavuno, walirudi kwa pikipiki. Njiani askari waliwasimamisha. Walifungua gunia la mavuno, wakaingiza mikono mpaka chini.

"Mahindi tu," askari mmoja alisema. "Pita."

Rehemah alimshika mumewe kiunoni kwa nguvu.

"Twende nyumbani," alisema.