Nikatie Wimbo

Duka la vifaa vya simu lilikuwa limefurika, watu wamebanana mbele ya kaunta utadhani vitu vinagawiwa bure. Katikati yao alisimama msusi mmoja, gauni la kijani limemkaa sawasawa, nywele amesuka mistari myembamba, anajaribu spika ya kuweka saluni kwake. Muuzaji akabonyeza kitufe. Spika ikakoroma, kisha ikatoa wimbo wa taratibu wa mtu aliyeachwa: analia, anaomba, anaapa hatakula tena. Duka zima likaangua kicheko.

"Jamani, huyu anayelia ni nani?" msusi akauliza. "Mimi nimeweka muziki wa kucheza!"

Nyuma kabisa ukainuka mkono wenye mafuta ya mashine.

"Samahani, dada. Hiyo ni simu yangu. Niliijaribu hiyo spika kabla yako, naona bado imening'ang'ania."

"Pole, kaka. Amekuacha lini?"

"Nani?"

"Huyo anayekufanya usikilize mambo haya mchana kweupe."

"Sijaachwa. Nafanya mazoezi mapema, nisije nikashtuka."

Msusi alicheka mpaka akashika kaunta. Nami nakwambia, mwanamke akichekeshwa namna ile mbele za watu, nusu ya kazi imeshakwisha. Yeye aliondoka na spika. Jamaa wa ovaroli ya bluu, fundi wa lifti, aliondoka na namba ya simu, na njia nzima alitabasamu peke yake.

Haikupita muda mrefu wakawa hawabanduki. Fundi akamwita Bosi, kwa sababu alipenda kuamrisha. Msusi akamwita Fundi wangu, na hilo "wangu" alilivuta. Siku moja Fundi akaona muziki wa saluni unavyoteseka: nyimbo mbili, tangazo, wimbo mmoja, tangazo, wateja wamenuna.

"Chukua neno langu la siri, Bosi. Tumia akaunti yangu ya muziki, mimi nalipia kila mwezi. Ila inakubali simu moja tu kwa wakati mmoja. Wewe ukicheza, mimi nanyamazishwa."

"Basi nitakuwa nakunyamazisha."

"Thubutu!"

Akathubutu. Fundi akiwa ndani ya shimo la lifti, mikono yote miwili kwenye nyaya za chuma, hawezi kupokea simu wala kuandika ujumbe. Sikio moja analiacha kwa ajili ya kazi, jingine lina kisikilizio. Wimbo ukikatika ghafla asubuhi, anajua Bosi amefungua saluni. Naye akipata upenyo anakigusa kisikilizio kwa bega, muziki unarudi kwake, na kule saluni spika inanyamaza. Msusi anashusha pumzi: mtu wake yu hai, hajadondoka. Hiyo ndiyo ilikuwa salamu yao, kila asubuhi, bila kukosa.

"Dada, hii spika yako ina ugonjwa gani?" mteja mmoja akalalamika.

"Haina ugonjwa. Ina mume."

Fundi aliposimuliwa alicheka, lakini moyoni likamkwama neno moja, kwamba wateja wanalalamika. Neno jingine lililomkaa, lile la mume, hakulitaja.

Sasa kulikuwa na shangazi. Ndiye aliyemlea msusi tangu mama yake alipofariki, na alikuwa na saluni kubwa katika mji wa mbali. Vidole vyake vilikuwa vimevimba viungo, hashiki tena hata chanuo.

"Mwanangu, njoo ushike saluni," alisema kwenye simu.

"Nipe muda nifikirie, shangazi."

"Unafikiria nini? Una mtu?"

"Ninaye."

"Amesema anakuoa?"

Msusi akaanza kufagia nywele sakafuni.

"Nakupigia kesho asubuhi. Ukikataa sitakulaumu, ila namwachia mtu mwingine. Mikono imenishinda, mama."

Jioni ile msusi alimweleza Fundi, akamtazama usoni bila kupepesa.

"Ni nafasi nzuri," Fundi akasema.

"Ndiyo hivyo tu?"

"Wewe mwenyewe unasemaje?"

"Nimekuuliza wewe."

"Tuongee kesho, Bosi. Kesho nina jambo."

Lo, mwanamume yule! Alikuwa anaficha zawadi, na anayeficha zawadi huonekana hajali. Alikuwa amegundua huduma nyingine ya muziki, yenye kifurushi cha watu wawili, kila mmoja asikilize atakacho, hakuna kukatiana. Sharti lao moja: wawili hao wawe wanakaa nyumba moja. Fundi aliposoma sharti hilo alisimama, akazunguka chumba. Kuomba mke kwa mdomo kulikuwa kunamtia jasho. Hili angeweza.

Asubuhi alimlisha uji baba yake, mzee aliyepooza upande mmoja, huku anahamisha nyimbo zake zote kwenda kwenye huduma mpya.

"Baba, leo naomba mke."

"Kwa simu?"

"Kwa muziki."

Mzee akacheka kwa ule upande wa uso uliobaki mzima. Fundi akaifuta programu ya zamani kwenye simu yake. Akaunti yenyewe ingekwisha mwisho wa mwezi. Akaenda kazini anapiga mluzi.

Saluni, msusi alifungua pazia, akafuta kioo, akaweka wimbo wao, ule wa mtu anayelia. Alikuwa ameshaapa moyoni: akinikatia, nabaki. Akinikatia tu, namwambia shangazi hapana, nitamsubiri huyu mwoga wangu hata miaka kumi.

Wimbo ukaendelea. Ukafika mahali ambapo siku zote hukatika, ukapita. Ukafika mwisho. Msusi hakuwahi kuusikia mwisho wake, hakujua kwamba pale mwishoni yule mwimbaji anaacha kulia. Akaurudia. Ukaisha tena wote. Akampigia Fundi, iliita mpaka ikachoka, kama kawaida ya simu ya mtu aliye shimoni. Na hapo ndipo simu ya shangazi ikaingia.

"Nakuja," msusi akasema.

Shangazi alilia kwa furaha mpaka wasichana wake wakamkimbilia kuuliza nani amekufa.

Mchana Fundi akatokea mlangoni, shati jeupe limepigwa pasi, simu mkononi.

"Bosi, fungua ujumbe wangu. Nimehama kule kwenye muziki wa zamani. Nimepata pengine, kuna nafasi yangu na nafasi yako."

"Umehama lini?"

"Leo asubuhi. Nikaona wateja wanakusumbua, hatutakatiana tena. Ila wanataka watu wa nyumba moja. Nyumba moja, Bosi. Unanielewa ninachokuomba?"

Msusi alikaa kwenye kiti cha wateja. Machozi yakamtoka bila sauti.

"Nilikuwa nakuuliza, Fundi wangu. Asubuhi yote nilikuwa nakuuliza nibaki au niende."

"Kwa wimbo?"

"Tulikuwa tunaongea kwa kitu gani kingine, mimi na wewe?"

"Ungeniambia!"

"Na wewe jana ungeniambia!"

Fundi akaichukua simu ya msusi mezani, akampa.

"Mpigie shangazi. Mwambie umebadili mawazo."

"Amenilea, ameomba kitu kimoja tu maisha yake yote, na leo amelia kwa furaha. Nimrudie nimwambie nini? Kwamba wimbo haukukatika?"

"Basi nakufuata."

"Na mzee atalishwa na nani?"

Fundi alitafuta jibu wiki nzima, hakulipata. Mzee alikuwa hageuzwi kitandani bila maumivu, sembuse safari ya siku nzima. Msusi akasafiri. Walilia stendi mbele za watu, bila haya, na ule ujumbe wa kualikwa haukufunguliwa kamwe.

Miezi ikapita. Fundi akashindwa na ile huduma mpya, nyimbo hazikatiki, zinaimba tu. Akarudi kwenye ya zamani, akalipia, akaweka ule wimbo akiwa juu ya lifti. Ukaimba kidogo. Ukakatika.

Spana ikamponyoka, ikagonga chini. Akapiga simu mikono ikiwa na mafuta.

"Ni wewe!"

"Mimi nini, Fundi wangu?"

"Umenikatia sasa hivi!"

Upande wa pili zilisikika mashine za kukaushia nywele.

"Sio mimi," akasema taratibu. "Spika nilimwachia binti aliyechukua chumba cha saluni yangu huko, pamoja na simu yangu ya zamani niliyokuwa nachezea muziki. Ni yeye anafungua saluni."

"Ahaa."

"Nimwambie aitoe akaunti yako?"

"Hapana. Usimwambie kitu."

"Unalia?"

"Humu shimoni kuna vumbi."

"Wateja wananiita, mpenzi."

"Nenda, Bosi."

Mpaka leo Fundi analipia akaunti ile. Kila asubuhi anaweka wimbo, anasubiri, unakatika. Haurudishi, asije akamharibia kazi binti wa watu. Anatoa kisikilizio, anakitia mfukoni, anashika nyaya.