Pembe ya Leso

Jumanne ile ya baada ya Pentekoste, Liette alikunywa maziwa yake akiwa amesimama, kama kawaida yake. Kwake yeye, kukaa kitini kulikuwa adhabu. Akitumwa mkate, hukimbia. Akiwa darasani, miguu humcheza chini ya dawati, utadhani amekalia upupu.

"Njoo nikusuke," aliita bibi yake, Josette. "Tangu nikiwa mdogo kama wewe, kila mwaka nimecheza katika maandamano mpaka kwenye kaburi la Askofu Willibrodi, mtakatifu wa mji wetu. Mwaka huu nyonga imenigomea. Utanichezea mpaka mwisho?"

"Naapa, bibi!"

"Usiape, mjukuu wangu. Wewe cheza tu. Babu Nekel atakuwa mwisho wa mstari, mkono wako wa kulia. Macho yake unayajua."

Nani asiyeyajua? Jirani yao Nekel siku hizi aliona vivuli tu. Lakini katika maandamano ya mji wao, Echternach, watu hucheza watano watano, wameunganishwa kwa leso nyeupe, kila mmoja ameshika pembe yake. Kwa Nekel, leso ndiyo iliyokuwa macho.

Bendi ikaanza. Ruka kushoto, ruka kulia, sogea kidogo. Ruka kushoto, ruka kulia. Wimbo ni ule ule, mwendo ni ule ule. Mwanzoni Liette alifurahi, lakini walipofika uwanja wa soko alihisi miguu inataka kutoroka bila yeye. Lo, mbona hawafiki!

"We konokono!" Mylène, rafiki yake, alimpigia kelele kutoka kando ya barabara, mdomo umejaa chapati za viazi za moto. "Mtafika Krismasi! Njoo ule, zinaisha!"

Dakika moja tu, Liette alijiambia. Akaachia leso, akapenya katikati ya watu.

Alipomaliza kula, mstari wake haukuonekana tena. Mistari mingine ilipita, imebanana, wala hakujua aingilie wapi. Akapita vichochoro, akarudi nyumbani.

"Umefika kaburini?" bibi aliuliza.

"Nimefika."

"Asante, mwanangu. Sasa hata nyonga ikiuma, roho yangu imetulia." Machozi yalimlengalenga bibi. Liette alitamani ardhi ipasuke immeze. Akasimama, akakaa, akaenda dirishani, akarudi.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Mlango ukagongwa. Alikuwa babu Nekel, ameshikwa mkono na kijana wa zimamoto, suruali imechanika gotini, damu inamchuruzika.

"Josette, mtoto yuko wapi?" alisema akihema. "Kaumia? Nilihisi leso imelegea, nikajua kaanguka. Nikapiga magoti kumpapasa, wasije wakamkanyaga. Nimempapasa barabara nzima, simpati!"

Bibi akamgeukia mjukuu wake. Liette akaangua kilio.

"Sikuanguka, babu. Niliachia. Nilikwenda kula. Na kaburini sikufika, bibi, nimekudanganya."

Alingoja kofi au matusi. Nekel alishusha pumzi ndefu. "Mzima? Basi afadhali."

Neno hilo lilimchoma kuliko fimbo.

Bibi Josette hakucheka naye. "Nimekasirika, Liette, nisikufiche. Ahadi ni deni. Lakini sikia. Askofu Willibrodi alivuka bahari, akahubiri miaka mingi kwa Wafrisia. Mfalme wao akamfukuza, makanisa yakabomolewa. Akarudi hapa mikono mitupu, na umri umekwenda. Mfalme alipokufa, unadhani alisema 'nimechoka'? Alifunga safari, akaanza upya pale pale kazi ilipoharibikia. Yeye kazi yake iliharibiwa na wengine. Wewe umejiharibia mwenyewe. Bendi bado inalia. Unangoja nini?"

Liette alimwosha Nekel goti, akalifunga kitambaa. "Babu, utakubali kushikana nami tena?"

"Nimshike nani mwingine? Twende, kabla hawajatufungia mlango wa kanisa!"

Wakaingia mstari wa mwisho kabisa, pale pale uwanja wa soko. Ruka kushoto, ruka kulia. Miguu ya Liette iliwaka moto, jasho likamwingia machoni, na Mylène akamwita tena. Safari hii hakugeuza shingo. "Kuna jiwe, babu. Inua mguu. Sasa ngazi, tunashuka."

Chini ya kanisa, mbele ya kaburi, muziki ulisikika kwa mbali. Liette alimwombea bibi yake, kisha akanong'ona, "Nisamehe, babu."

"Nilikusamehe mlangoni," alisema Nekel. "Ila kumbuka jambo moja. Leso ni kitambaa tu, hata mtoto mchanga anaweza kuiangusha. Haishikilii mtu. Anayeshikilia ni yule wa upande wa pili, na mwenzake hana njia ya kujua ataachia lini. Kwa hiyo ukimwahidi mtu, anakukabidhi miguu yake."

Liette alisimama kando yake, pembe ya leso mkononi, mpaka mzee alipomaliza sala zake zote.